UTII NA USHUHUDA: MKRISTO MLUTHERI MBELE YA SHERIA ISIYO YA HAKI

Utangulizi

Katika sura zilizotangulia msomaji ameelezwa jinsi Injili ilivyoletwa katika eneo hili, jinsi nyumba za ibada zilivyojengwa, na jinsi wazee wetu walivyoupokea ubatizo na kipaimara. Katika miaka hiyo yote mia moja, sala ya Kanisa imekuwa na fungu la kuwaombea wenye mamlaka. Zamani iliombewa serikali ya kikoloni, na baada ya uhuru ikaombewa serikali ya wananchi wenyewe. Kwa hiyo Mlutheri amefundishwa tangu utoto wake kwamba serikali ni karama ya Mungu, na kwamba mtu mwema hulipa kodi, hutii sheria na kuitakia nchi yake amani.

Lakini lipo swali ambalo vitabu vya jubilei mara nyingi hulipita kimya. Je, Mkristo anayeiombea serikali yake anaweza pia kukataa, kwa amani na mchana kweupe, kuitii sheria yake, ili sera ibadilike? Vijana wetu huuliza swali hili katika vipindi vya Biblia. Wengine hulijibu upesi kwa Warumi sura ya 13 na kulifunga. Wengine hulijibu upesi vilevile kwa Matendo ya Mitume 5:29, kana kwamba kila mtu asiyependezwa na sheria fulani amekuwa Petro mbele ya Baraza.

Sura hii haikusudii kuchochea wala kunyamazisha. Inakusudia kusimulia jinsi Walutheri wenzetu wa Namibia walivyolijibu swali hilo kuanzia mwaka 1971, gharama waliyoilipa, na jinsi jibu lao lilivyofika Dar es Salaam mwaka 1977 na kuwa sauti ya Walutheri wa dunia nzima. Inakusudia pia kutaja mahali ambapo sauti hiyo ilipungua, kwa maana historia ya Kanisa isiyotaja mapungufu haimfundishi mtu.

Msingi wa fundisho letu

Watu wengi hudhani kwamba Martin Luther alifundisha utii usio na mpaka. Dhana hii hutokana hasa na maandishi yake makali ya mwaka 1525 dhidi ya wakulima walioshika silaha. Lakini miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1523, aliandika kitabu kuhusu mamlaka ya kidunia na mipaka yake. Wakati huo baadhi ya watawala wa Ujerumani, akiwamo Mtawala George wa Saxony, walikuwa wameamuru wananchi wasalimishe nakala za Agano Jipya alilolitafsiri Luther. Watu walitaka kujua wafanye nini.

Shauri la Luther lilikuwa na pande mbili. Kwanza, wasisalimishe hata ukurasa mmoja, kwa sababu mtawala hana mamlaka juu ya imani, na anayetii amri hiyo anamkabidhi Kristo mikononi mwa adui. Pili, askari wakija kupekua nyumba na kuvichukua vitabu kwa nguvu, Mkristo asipigane nao; avumilie dhuluma, lakini asiikubali kuwa haki. Humo mna mambo yote tutakayoyaona baadaye huko Namibia: kukataa waziwazi, kuacha silaha, na kuwa tayari kuteseka.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 16, likaliweka fundisho hilo kwa maneno machache. Wakristo wanapaswa kuwatii wenye mamlaka na sheria zao, isipokuwa wanapoamriwa kutenda dhambi. Hapo imewapasa kumtii Mungu kwanza. Kila mchungaji wetu huapa kulifuata ungamo hili siku ya kubarikiwa kwake. Kwa hiyo fundisho la kukataa amri iliyo dhambi halikuletwa na wanasiasa wa karne iliyopita. Limo katika msingi wa Kanisa letu.

Mfano wa nyumbani

Nchini mwetu wenyewe upo mfano wa kukataa kwa namna hiyo. Mnamo Novemba 1951 serikali ya Uingereza iliyokuwa ikiitawala Tanganyika kwa udhamini iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao iwe ranchi za walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Eneo la Meru lilikuwa shamba la Injili tangu misheni ya Leipzig ilipofungua kituo cha Nkoaranga mwaka 1902, na miongoni mwa waliohamishwa walikuwamo Wakristo wa Kilutheri.

Wameru hawakuwaua askari. Walichofanya ni kukataa: walikataa fidia, na wakakataa kwenda kukaa katika ardhi ya Kingori waliyopangiwa. Kisha wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, kupeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Katika Baraza Kuu azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili ya kura. Hata hivyo, Kirilo aliporudi, habari ya ardhi ya Meru ilisimuliwa sehemu nyingi za Tanganyika na ikawaamsha wengi waliokuja kujiunga na harakati za uhuru.

Katika habari hii wananchi ndio waliosema, Wakristo wakiwa kati yao. Swali gumu zaidi ni hili: Kanisa lenyewe, kwa jina lake na kwa sahihi ya askofu wake, linaweza kusimama mbele ya serikali na kusema hapana? Kwa swali hilo tuelekee Namibia.

Nchi na mfumo wa mkataba

Namibia, wakati huo ikiitwa Afrika Kusini-Magharibi, ilikuwa koloni la Wajerumani hadi mwaka 1915. Afrika Kusini iliitwaa katika vita, na baadaye ikakabidhiwa kuisimamia kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa. Mwaka 1966 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliufuta usimamizi huo, lakini Makaburu hawakuondoka. Walizidi kuwatenga wananchi kwa makabila, kila kabila katika eneo lake, na kuwafanya watu weusi wageni katika miji ya nchi yao wenyewe.

Injili ilikuwa imeota mizizi mirefu katika nchi hiyo. Wamisionari wa Rhenish walifanya kazi kusini na katikati tangu mwaka 1842. Wale wa Finland waliingia Ovambo, kaskazini, mwaka 1870. Makanisa mawili yaliyozaliwa na kazi hiyo yalikuwa ya Kilutheri, na waumini wao walikuwa sehemu kubwa sana ya wananchi. Mwaka 1963 Leonard Auala, mtoto wa Ovambo, aliwekwa wakfu kuwa askofu. Kanisa lake lilijulikana kwa utulivu wake. Lilijenga shule, hospitali na kiwanda cha uchapaji huko Oniipa, na kwa muda mrefu liliepuka kugombana na serikali.

Jambo lililogusa kila nyumba ya Kikristo huko kaskazini lilikuwa mfumo wa mkataba. Mwanamume aliyetaka kazi migodini, mashambani au katika viwanda vya samaki aliandikishwa na wakala, akapelekwa kwa mwajiri asiyemchagua, kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi. Mkewe na watoto wake hawakuruhusiwa kumfuata. Aliishi bwenini na wanaume wenzake, na akiondoka kazini kabla ya muda alihesabiwa mhalifu. Mchungaji aliyefungisha ndoa kanisani, akiwaambia bwana na bibi arusi kwamba Mungu amewaunganisha, aliona sheria ya nchi ikiwatenganisha mwezi uliofuata. Kwa njia hiyo sera ya serikali iliingia hadi madhabahuni.

Barua ya mwaka 1971

Tarehe 21 Juni 1971 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kuwapo kwa Afrika Kusini nchini Namibia ni kinyume cha sheria, na kwamba inapaswa kuondoka. Katika Chuo cha Theolojia cha Paulinum, Otjimbingwe, wanafunzi waliwauliza viongozi wao Kanisa litasema nini. Kutokana na mazungumzo hayo ilitokea barua ya wazi kwa Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, B. J. Vorster. Ilitiwa sahihi na Askofu Auala na Mwenyekiti wa kanisa la pili, Mchungaji Paulus Gowaseb, kwa niaba ya halmashauri za makanisa yao.

Barua hiyo haikuwa na matusi. Ililipima tendo la serikali kwa kipimo cha Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ikataja mambo moja baada ya jingine: wananchi hawana uhuru wa kutembea katika nchi yao, hawana uhuru wa kusema, hawana kura, wanazuiwa kufanya kazi fulani kwa sababu ya rangi, na mfumo wa mkataba unavunja ndoa na familia. Iliishia kwa kumwomba Waziri Mkuu ashirikiane na Umoja wa Mataifa, ili Namibia iwe nchi huru inayojitawala.

Pamoja na barua hiyo uliandikwa waraka kwa washarika, nao ulisomwa makanisani Jumapili ya tarehe 18 Julai 1971. Hapa tuone uzito wa tendo lenyewe. Viongozi hawa wangeweza kwenda kwa siri kumnong'oneza mkubwa fulani, nao wasingepata hasara. Walichagua kusema mbele ya Kanisa zima, ili kila mzee wa kanisa na kila mama wa kijijini ajue msimamo wa mchungaji wake. Tarehe 18 Agosti Vorster alikutana nao Windhoek kwa saa kadhaa. Hakukubaliana nao, nao hawakuifuta barua yao.

Wafanyakazi waitikia

Baada ya barua hiyo, viongozi wa makanisa waliendelea kuusema mfumo wa mkataba kuwa unafanana na utumwa. Kamishna Mkuu wa serikali kwa watu wa kaskazini, Jannie de Wet, alijibu kwamba hauwezi kuwa utumwa, kwa kuwa wafanyakazi hutia sahihi kwa hiari yao. Wafanyakazi wakayachukua maneno hayo kama yalivyo. Ikiwa tumekuja kwa hiari, walisema, basi kwa hiari tutarudi nyumbani.

Tarehe 13 Desemba 1971 mgomo ulianza Windhoek. Ulienea Walvis Bay, Tsumeb na kwingineko, hata watu zaidi ya 13,000 wakawa wameacha kazi. Kwa sheria ya wakati huo, kila mmoja wao alikuwa amevunja sheria. Maelfu walirudishwa Ovambo kwa treni. Mnamo Januari 1972 serikali ililazimika kuukubali mkutano wa Grootfontein, ambao ulimwondoa wakala aliyekuwa akiandikisha wafanyakazi na kubadilisha baadhi ya masharti. Mengi yalibaki yaleyale kwa jina jipya. Lakini kwa mara ya kwanza serikali hiyo ilikuwa imebadili sera yake kwa sababu watu wasio na kura wala silaha walikataa kushirikiana nayo.

Haitakuwa haki kusema kwamba Kanisa ndilo lililopanga mgomo. Wafanyakazi waliupanga wenyewe. Lililo hakika ni kwamba Kanisa lilikuwa limesema hadharani jambo ambalo wafanyakazi walilijua mioyoni, na kwamba wengi wa waliogoma walikuwa waumini wake.

Gharama ya ushuhuda

Serikali ilijibu kwa mkono mzito. Mnamo Februari 1972 ilitangaza sheria za hali ya hatari huko Ovambo. Mikutano ya watu zaidi ya watano ilihitaji kibali, isipokuwa ibada na mikusanyiko michache, na mtu aliweza kuwekwa kizuizini bila mashtaka. Mnamo Mei 1973 kiwanda cha uchapaji cha Oniipa, kilichochapa vitabu vya nyimbo na gazeti la Kanisa, kililipuliwa kwa bomu. Kanisa lilikijenga upya kwa msaada wa Walutheri wenzao. Mwaka 1980 kililipuliwa tena.

Mwaka huohuo wa 1973 wenye mamlaka ya kikabila walianza kuwachapa viboko hadharani watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa vyama vya ukombozi. Askofu Auala, pamoja na Askofu Richard Wood wa Anglikana, aliipeleka habari hiyo mahakamani, akiomba viboko hivyo vipigwe marufuku. Walishindwa mara ya kwanza, wakakata rufaa, na mwaka 1975 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Kusini iliwapa haki. Watu hawa waliokataa sheria mbovu hawakuidharau sheria. Pale ilipoweza kumlinda mnyonge waliitumia hadi mwisho.

Barua hiyo iliwagharimu pia umoja wao. Kanisa la tatu la Kilutheri nchini humo, la waumini wenye asili ya Ujerumani, halikuitia sahihi. Watu wenye Katekisimo moja walijikuta pande mbili, kila upande ukisema kwamba ndio unaolinda fundisho sahihi la Luther.

Dar es Salaam, 1977

Mwezi wa Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya Mkutano Mkuu wake wa sita katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ulikuwa wa kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika, na hapo ndipo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alipochaguliwa kuwa Rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Mkutano huo ulilazimika kuamua iwapo ubaguzi wa rangi wa kusini mwa Afrika ni suala la siasa, ambalo Wakristo wanaweza kutofautiana kwa amani, au ni suala la ungamo la imani. Azimio lilikiri kwamba kwa kawaida Walutheri wanaweza kuwa na mawazo tofauti ya kisiasa. Lakini likasema kwamba mfumo unaweza kupotoka na kudhulumu kiasi kwamba kuukataa na kufanya kazi ya kuubadili kunakuwa sehemu ya kuikiri imani yenyewe. Makanisa ya wazungu yakatakiwa kuukataa ubaguzi wa rangi hadharani. Mwaka 1984, katika mkutano wa Budapest, makanisa mawili ambayo hayakuwa yameitikia yalisimamishwa uanachama. Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990.

Mahali tuliponyamaza

Ndugu msomaji, habari ingeweza kuishia hapo, nasi tungefurahi. Lakini upo upande mwingine. Mwaka 1976 viongozi na wanachama wa SWAPO waliopinga uongozi wa chama chao, akiwamo Andreas Shipanga, walikamatwa Zambia. Shipanga na wenzake kumi waliletwa Tanzania na kufungwa bila kushtakiwa hadi Mei 1978. Maana yake ni kwamba wajumbe walipokuwa wakijadili haki za Wanamibia pale Chuo Kikuu, walikuwapo Wanamibia katika magereza ya nchi hii waliokosa haki ya kusikilizwa mahakamani.

Katika miaka ya 1980 hali ilikuwa mbaya zaidi. Huko Lubango, Angola, SWAPO iliwafunga na kuwatesa mamia ya watu wake ikiwashuku kuwa wapelelezi. Wazazi waliyaomba makanisa yaseme. Makanisa yalisitasita, kwa hofu ya kumpa nguvu adui. Waliosalia waliporudi nyumbani mwaka 1989 walisimulia waliyoyapata, na mwaka 1995 mchungaji Mjerumani, Siegfried Groth, aliyewahudumia wakimbizi wa Namibia, alitoa kitabu kuhusu ukimya huo.

Hili halifuti ushujaa wa mwaka 1971. Linatuonyesha ugumu wake. Kumkatalia mtawala dhalimu kunahitaji moyo; kumkatalia rafiki anayepigana na dhalimu huyo kunahitaji moyo zaidi. Kama kipimo ni neno la Mungu, basi lazima kipimo hicho kimpime na rafiki.

Mafunzo kwa karne ya pili

Kutokana na historia hii tunaweza kutoa mafunzo manne.

(a) Utii ndio kanuni, na kukataa ni kwa nadra. Mkristo hakatai sheria kwa sababu haimpendezi au inampa hasara. Anakataa pale ambapo kuitii ni kushiriki dhambi, kama sheria iliyomtenga mume na mke waliounganishwa na Mungu.

(b) Njia halali hutangulia. Barua, mazungumzo na mahakama vilitumika Namibia, ingawa watu weusi hawakuwa na kura. Penye kura, mahakama na uhuru wa kusema, Mkristo ana wajibu mkubwa zaidi wa kuvitumia kwanza. Maaskofu wa KKKT walifanya hivyo katika Tamko la Bagamoyo la mwaka 1994, na katika waraka wao wa Pasaka wa mwaka 2018 kuhusu amani ya taifa. Kusema wazi si kuvunja sheria, na Kanisa lisilothubutu kusema haliwezi kudai kwamba limeshajaribu njia zote.

(c) Anayekataa hukataa hadharani, bila silaha, na hubeba gharama yake mwenyewe. Hilo ndilo linalomtofautisha na mkorofi anayekimbia usiku. Wala kiongozi asiwatume washarika wake mahali ambapo yeye mwenyewe hayuko tayari kwenda.

(d) Kipimo ni kimoja kwa wote. Dhuluma ya mgeni na dhuluma ya ndugu hupimwa kwa mizani moja.

Kwa hiyo, kwa swali tulilolianza nalo, jibu la historia yetu ni ndiyo, lakini ni ndiyo yenye masharti, na yenye kuogopesha kidogo. Mlutheri anaweza kuikatalia serikali yake, na wakati mwingine hana budi. Anaifanya kazi hiyo akiwa bado anaiombea serikali ileile, kwa maana anayekataa kwa haki huwa bado anamtakia mtawala wake wokovu.

Hitimisho

Watoto wanaobatizwa katika mwaka huu wa jubilei watakutana na sheria na watawala tusioweza kuwajua leo. Hatuwezi kuwaamulia watakachofanya. Tunachoweza ni kuwafundisha Katekisimo vizuri, kuwazoeza kusema kweli wakiwa bado wadogo, na kuwasimulia habari za Auala na Gowaseb pamoja na habari za wale waliosahauliwa gerezani. Mungu auongoze usharika wetu katika karne yake ya pili, awape viongozi wa nchi hekima, na alipe Kanisa lake ujasiri wa kusema kweli kwa upendo. Amina.